Dashibodi na avioniki za ndege ya kujijengea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu ndege yangu itoke gerejini, simu haikauki. Wengi wanaopiga ni ndugu zetu walioko Marekani, madereva wa malori, wauguzi, mafundi magari, ambao wamemaliza mabawa na kiwiliwili na sasa wamefika pale ambapo wengi hukwama: dashibodi. Badala ya kujibu jambo moja mara ishirini, nimeandika hapa. Ndege yenyewe ni RV-9A ya Van's Aircraft, viti viwili, injini ya Lycoming O-320 yenye nguvu farasi 160, na nimeijengea Ohio. Sheria ninazozitaja ni za Marekani, kwa ndege za majaribio zilizojengwa na mwenyewe. Panapotofautiana kwa aliye Ulaya au Afrika Mashariki nimesema. Sina leseni ya ufundi wa avioniki, yaani vifaa vya kielektroniki vya ndege. Nilicho nacho ni cheti cha kuikagua ndege niliyoijenga kwa mikono yangu.

Nishike nini kwanza, skrini au mchoro?

Shika kalamu. Andika safari tatu ambazo kweli utazifanya mwaka wa kwanza. Mimi niliandika: kunywa chai uwanja wa jirani Jumamosi asubuhi, kwenda Oshkosh kwenye maonyesho ya EAA, chama cha wajenzi wa ndege, mwezi wa saba, na kumtembelea dada yangu North Carolina. Zote za mchana, kwa kuona kwa macho, yaani VFR. Papo hapo vifaa vya kuruka ndani ya mawingu vikafutwa kwenye orodha, na maelfu ya dola yakabaki benki.

Kosa langu ni kwamba, pamoja na uandishi wote huo, siku ya punguzo la bei nikanunua skrini. Ikakaa kwenye boksi miaka miwili. Naiwasha mara ya kwanza, dhamana imeshakwisha na toleo jipya liko sokoni. Vitu vya umeme vinunuliwe mwisho. Vinavyotakiwa mapema ni vile vinavyozikwa: mipira ya pitot (bomba linalopokea upepo wa mbele ili kupima mwendo) na static (tundu la ubavuni linalopima shinikizo la hewa iliyotulia), mabano ya antena, mota za otopailoti, na mabomba ya kupitishia waya mabawani kabla ngozi ya mwisho haijapigwa ribiti. Hivyo ukivisahau, utavirudia kwa drili na machozi.

Sheria inadai vifaa gani kwa uchache?

Kifungu kinachohusika ni 91.205 cha sheria za anga za Marekani. Kwa VFR ya mchana: kipima mwendo hewani, altimita, dira ya sumaku, geji ya mizunguko ya injini, shinikizo la oili, joto la oili kwa injini inayopozwa kwa hewa, geji ya mafuta kwa kila tangi, mikanda ya viti, taa ya kuzuia kugongana, na ELT, yaani kile kifaa kinachopiga mayowe ndege ikianguka. Kifungu chenyewe kimeandikiwa ndege zenye cheti cha kawaida. Ndege zetu hufungwa nacho kupitia karatasi ya masharti ya urukaji inayokuja na cheti, hasa ukitaka kuruka usiku au IFR, yaani kwa kutegemea vifaa ndani ya mawingu. Lakini hata kwa mchana tu, sijamwona mjenzi aliyeona faida ya kupunguza kitu kwenye orodha hiyo.

Ongeza transponda, kifaa kinachoijibu rada, na ADS-B Out, kinachotangaza mahali ulipo kwa redio. Tangu tarehe 1 Januari 2020 huingii anga nyingi zenye shughuli Marekani bila ADS-B Out.

Geji za mishale au skrini?

Kwa ndege mpya, skrini. Nasema hivyo nikiwa mtu niliyejifunzia kurusha ndege kwenye geji za mishale na bado nazipenda. Skrini moja ya inchi 7 au 10 ya Dynon, Garmin au GRT inabeba kazi ya geji sita za kuruka na kumi za injini, haina pampu ya vakyumu ya kufa njiani, na inapiga kelele joto la silinda likianza kupanda wakati wewe unaangalia mandhari. Nyuma yake kuna kisanduku kidogo chenye vihisi vya mwelekeo, mwendo na mwinuko. Skrini ni uso tu. Kisanduku kile ndicho kinachojua ndege imelala upande gani.

Ndege yetu ikiwa ya majaribio, skrini hizi hazihitaji muhuri wa kiwango cha ndege zenye cheti cha kawaida, na ndiyo maana zina bei tunayoweza kuimudu. Ila usidanganyike kwenye IFR. Ile GPS iliyomo ndani ya skrini haitoshi kisheria kuwa tegemeo lako la kutua ndani ya mawingu. Utahitaji kifaa cha GPS kilichotimiza kiwango chake, na hapo bei inaruka.

Kama roho yako haitulii bila mshale, acha tundu moja la inchi 3⅛ kwa ajili ya kipima mwendo cha kawaida. Mimi sikuliacha. Nina skrini ndogo ya pili yenye betri yake ndani.

Nipange vipi vitu?

Kabla ya kugusa alumini, tafuta boksi la jokofu. Kata kadibodi kwa umbo la dashibodi, ibane mahali pake, chapisha picha za vifaa kwa ukubwa wake halisi na uzibandike kwa gundi ya karatasi. Kisha keti ndani. Si dakika tano. Keti saa nzima, umefunga mkanda, hedseti kichwani, fimbo mkononi. Fumba macho unyooshe mkono kwenye swichi ya pampu ya mafuta. Ukishika swichi ya taa, hamisha.

Mke wangu aliniona mara kadhaa gerejini nimekaa ndani ya ndege isiyo na mabawa, nazungumza na kadibodi. Hakusema neno, ila aliniletea chai. Karatasi zilihama mara kumi na moja. Redio niliyokuwa nimeiweka chini katikati ilikuwa inafichwa na goti langu la kulia. Kwenye kompyuta lile goti halikuwepo.

Kuna vitu vitatu ambavyo picha bapa haikuonyeshi. Cha kwanza ni kina. Redio ina upana wa inchi 6¼ hivi, lakini nyuma yake kuna trei ndefu, halafu plagi, halafu waya zinazohitaji nafasi ya kupinda. Kwenye RV kuna ukuta mwingine wa alumini nyuma ya dashibodi na mbavu zinazouunganisha. Ukiweka redio mbele ya ubavu, ama ukate ubavu na kuuimarisha upya, ama uhamishe redio. Cha pili ni jua. Skrini inayong'aa vizuri gerejini hugeuka kioo cha kujitazamia sura saa nne asubuhi chini ya kanopi, kile kifuniko cha kuonea nje juu ya viti. Cha tatu ni mkono wako siku kifaa kikiharibika. Kwa kila kitu ninachofunga najiuliza: nitakitoaje nikiwa nimelala chali, miguu juu ya kiti, tochi mdomoni? Kwenye kanopi ya kuteleza, ngozi ya mbele hupigwa ribiti na utaingilia chini. Kanopi ya kuinuka inakupa nafasi nzuri zaidi ya kufika nyuma, lakini inajulikana kwa kupitisha mvua, na mvua hiyo inaanguka juu ya vifaa vya gharama kubwa kuliko vyote.

Nikate dashibodi mwenyewe?

Ukiwa na geji za duara na kitoboleo kizuri, ndiyo. Kwa skrini za mraba, mpelekee mtu mwenye mashine ya kompyuta. Ni pesa ndogo ukilinganisha na bamba la pili na la tatu. Alumini ya 2024-T3 yenye unene wa inchi 0.063 inatosha. Chora herufi za swichi kabla ya kupaka rangi ya mwisho, na rangi isiwe ya kung'aa.

Nikimlipa fundi anitengenezee dashibodi nzima, nitapoteza ile asilimia 51?

Hapana. Sheria inataka sehemu kubwa ya ujenzi ifanywe na wewe kwa ajili ya kujifunza na kujiburudisha, lakini upakaji rangi, ushonaji wa viti na avioniki zinazozidi kiwango cha chini cha VFR haziingii kwenye hesabu hiyo. Kuna maduka yatakayokuletea dashibodi imekamilika, waya zimefungwa kama nywele za bibi harusi.

Lakini omba mchoro wa kila waya, na usilipe awamu ya mwisho mpaka uupate. Rafiki yangu mmoja alipokea dashibodi nzuri kutoka duka fulani bila karatasi hata moja. Waya zote nyeupe, hazina lebo. Siku intakomu, chombo cha kuongea ndani ya ndege kwa hedseti, ilipokufa alitumia wikendi mbili kufuatilia waya mmoja, na fundi aliyeifunga alikuwa ameshaacha kazi.

Ninunue waya gani?

Waya wa ndege wenye ganda la Tefzel, ile MIL-W-22759/16. Waya wa dukani wa magari una ganda la PVC ambalo likiungua linatoa moshi mzito wenye sumu, na kwenye kokpiti ya viti viwili huna pa kuukimbilia.

Kwa kipimo cha Kimarekani, namba ikipanda waya unakuwa mwembamba. Kwa kazi zetu namba 22 ni ya ampea 5, namba 20 ni ya 7, namba 18 ni ya 10. Waya mrefu unaokwenda kwenye ncha ya bawa uongezee unene hatua moja, kwa sababu volti hupungua njiani. Kila waya uwe na lebo ncha zote mbili, na panapopita ukuta wa moto (ule unaotenga injini na kokpiti) au tundu lolote la alumini pawe na grometi, pete ya kukinga waya. Ukingo wa alumini ni kisu kilichotulia. Mtetemo wa injini ndio unaokipa mkono.

Fyuzi au sakiti breka?

Vyote hufanya kazi moja: kulinda waya usiungue. Havilindi kifaa, na watu wengi hulichanganya hilo. Kwa hiyo ukubwa wa fyuzi unafuata waya.

Mimi nina fyuzi bapa kama za gari kwa karibu kila kitu, na sakiti breka mbili tu za kuvuta kwa mkono: ya alteneta na ya otopailoti, kwa sababu hivyo viwili ningetaka kuvikata kwa makusudi angani. Wengine hupanga breka thelathini mbele kama vifungo vya kanzu. Swali langu kwao: ikiruka ukiwa futi 6,000, utairudisha? Kama kuna hitilafu, kuirudisha ni kuongezea moto kuni. Tua, fungua, tazama.

Kubana au kulehemu?

Kubana, lakini kwa koleo yake. Pini ndogo za plagi za avioniki zinataka koleo inayobana pande nne kwa mpigo, ambayo bei yake inauma. Lehemu hufanya waya kuwa mgumu mahali inapoishia, na mtetemo huukata papo hapo.

Nilianza na koleo ya bei rahisi. Kwa macho, kila pini ilikuwa sawa. Siku nawasha skrini, ramani inaonyesha tupo, dakika mbili baadaye hatupo, kisha tupo tena. Nilibadilisha antena ya GPS. Nilibadilisha programu. Mwishowe nikafungua plagi na kuvuta kila waya kwa vidole viwili, bila nguvu, kama unavyojaribu jino la mtoto. Waya wa nne ukatoka wenyewe, nyuzi zake zikiwa safi, hazina hata alama ya kuminywa. Nilinunua koleo ya kweli wiki hiyo hiyo na kurudia pini 74. Sasa kila pini navuta kabla ya kuiingiza.

Na namba za matundu zisome kwenye plagi yenyewe, kwa kioo cha kukuzia. Zimechongwa kwenye plastiki, ndogo kama mayai ya chawa. Ukihesabu kwa kukisia utajikuta unatazama mbele huku mchoro umechorwa kwa nyuma, na kushoto kutakuwa kulia.

Nasikia mluzi kwenye hedseti unaopanda na mizunguko ya injini. Shida nini?

Ni ethi. Huo mluzi ni alteneta, na umeingia kwenye sauti kwa sababu mkondo unarudi kwenye betri kwa njia mbili zisizolingana. Dawa ni kurudisha ethi za avioniki zote mahali pamoja, kwenye bamba moja la ethi lililofungwa kwenye ukuta wa moto, na lenyewe liungwe kwa kebo nene na betri na injini.

Kabla hujabomoa kitu, kagua matundu ya hedseti. Ukiyafunga moja kwa moja kwenye alumini, kiwiliwili chote cha ndege kinakuwa sehemu ya waya wa sauti. Yanatakiwa kutengwa kwa washa za plastiki au faiba, moja mbele na moja nyuma. Kwangu washa moja ilikuwa imepasuka nilipokaza nati. Kitu cha senti chache kilichonisumbua mwezi mzima. Vilevile, ganda la waya wa maikrofoni liungwe ethi upande mmoja tu, wa intakomu.

Antena ziwekwe wapi?

GPS juu, ione mbingu. Transponda chini ya tumbo, mbali na miguu ya matairi. Redio ya mawasiliano, chini au juu, urefu wake ni kama sentimita 59 kwa sababu ni robo ya wimbi la katikati ya masafa ya 118 hadi 137 MHz, na inahitaji chuma chini yake kama kioo cha kuakisi. Wenye ndege za faiba wabandike karatasi ya shaba au alumini ndani. Kebo iwe RG-400. RG-58 ni ya zamani na inavujisha nguvu nyingi kwenye masafa ya transponda.

Antena ya ELT isifichwe mahali ambapo itavunjika ya kwanza ndege ikipinduka.

Skrini inaonyesha kaskazini tofauti kila nikiwasha taa. Kwa nini?

Kihisi cha sumaku kimekaa karibu na waya wenye mkondo mkubwa au karibu na chuma. Kiweke mbali, mkiani au bawani, ukifunge kwa skrubu za shaba au alumini, na usiamini neno "steinlesi" mpaka umeijaribu kwa sumaku. Halafu fanya jaribio hili injini imezimwa: mtu mmoja atazame namba ya mwelekeo, mwingine awashe kimoja kimoja, taa, hita ya pitot, pampu, otopailoti. Namba ikisogea zaidi ya digrii moja au mbili, umempata mhalifu. Waya wa taa na waya wake wa ethi ukivisokota pamoja, sumaku zao hufutana.

Nitajuaje kipima mwendo kinasema kweli kabla ya kuruka?

Kwa maji. Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote, na vifaa vyake vinatoka dukani kwa dola kumi.

Chukua mpira mwembamba unaopenyeza mwanga, mita tatu hivi. Ukunje kwa umbo la U kwenye ubao wenye rula, mimina maji uliyotia rangi ya chakula mpaka nusu. Ziba tundu dogo la kutolea maji kwenye pitot kwa utepe, kisha vika ncha moja ya mpira kwenye pitot. Ncha ya pili iko wazi. Sasa inua polepole ule upande ulio wazi. Maji yanasukuma hewa, hewa inaisukuma pitot, na skrini inaanza kuamini kwamba ndege inaruka gerejini. Tofauti ya maji kati ya pande mbili ikifika milimita 60, unatakiwa kusoma noti 60 za mwendo (noti ni maili moja ya baharini kwa saa). Ikifika milimita 166, noti 100. Ikifika 327, noti 140. Mwendo ukiongezeka maradufu, maji hupanda mara nne.

Ukifika noti 100, funga ubao palepale na usubiri dakika moja. Namba isishuke. Kwangu ilishuka noti 12, na sababu ilikuwa kiungo cha mpira chini ya bawa la kushoto, mahali nilipoapa nimekaza. Usipulize kwa mdomo wala kwa kompresa kamwe. Vihisi vya ndani vinakufa bila kuaga.

Upande wa static unavutwa badala ya kusukumwa, kwa bomba la sindano, taratibu, mpaka altimita ipande futi 1,000. Ndani ya dakika moja isipoteze zaidi ya futi 100. Achia kwa utaratibu ule ule. Halafu kuna siri ya RV: tundu la static ni ribiti yenye kichwa cha mviringo kilichotokeza kidogo kwenye ubavu. Wapenda urembo huibadilisha kwa tundu bapa, kisha wanashangaa kipima mwendo kinawadanganya. Ule uvimbe mdogo una kazi.

Kwa IFR, altimita na static hukaguliwa na fundi mwenye vifaa kila miezi 24. Transponda nayo ni kila miezi 24, hata kwa sisi wa VFR.

Geji za injini zina mitego gani?

Mitatu imenipata. Waya za vihisi vya joto la silinda na la eksozi si waya za kawaida: ni metali mbili tofauti, na ukiziunga kwa shaba utapima joto la mahali ulipounga. Ukitaka kurefusha, tumia waya wa aina ile ile. Na kwa rangi za Kimarekani, mwekundu ni hasi! Kila fundi umeme wa magari aliyekuja kunisaidia aliunga kinyume, mimi nikiwa wa kwanza. Silinda ikawa inapoa kadiri injini inavyochemka.

Kihisi cha shinikizo la oili usikifunge juu ya injini. Ni kizito, na mtetemo utakikata shingo, kisha oili yote ikufuate njiani. Kifunge kwenye ukuta wa moto na ukiungie mpira.

Geji ya mafuta isahihishwe kwa mafuta yenyewe. Weka ndege kama inavyokaa ikiruka (wenye gurudumu la nyuma wainue mkia), tangi likiwa kavu, uongeze galoni 2, urekodi, uongeze 2, urekodi, mpaka 18. Bawa limeinuka kuelekea nchani, kwa hiyo boya litagonga dari kabla tangi halijajaa, na galoni za mwisho hazitaonekana kwenye geji. Si ubovu. Ijue namba yako na uiandike.

Alteneta ikifa angani?

Kama una magneto mbili za kawaida, zinazojitengenezea cheche bila betri, injini haijui habari za umeme, itaendelea. Kama umeweka umeme wa kisasa wa kuwashia au kupulizia mafuta, betri ndiyo injini yako, na unahitaji chanzo cha pili cha umeme kilichojitenga kabisa.

Piga hesabu kwa karatasi. Kila kifaa, ampea zake. Kwangu vya lazima ni skrini, redio, transponda: karibu ampea 8. Betri ya ampea-saa 16 kwa hesabu ya darasani ni saa mbili, lakini betri yenye umri, siku ya baridi, haitoi hivyo. Mimi napanga nusu yake. Hita ya pitot peke yake inaweza kula zaidi ya hivyo vitatu pamoja, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kuzimwa. Na skrini iwe na betri yake ndogo. Baadhi hukaa saa nzima, ile ndogo yangu hukaa zaidi.

Nikitaka siku moja ndege iende nyumbani Afrika Mashariki, nizingatie nini sasa?

Usinunue ADS-B ya masafa ya 978 MHz. Ni ya Marekani peke yake. Chukua transponda ya 1090, inayosikika duniani kote. Ndege ikihama kutoka usajili wa herufi N wa Marekani kwenda 5Y ya Kenya au 5H ya Tanzania, namba ya utambulisho ndani ya transponda na ndani ya ELT ya 406 MHz lazima zibadilishwe, kwa sababu zimefungwa na nchi ya usajili. Ukisahau, ndege ikianguka Kajiado simu itapigwa Marekani. Altimita inahitaji kusoma shinikizo la hewa kwa hPa badala ya inchi za zebaki, 29.92 huku ni 1013 kule, na kwenye skrini ni suala la menyu. Dira ya maji inayosawazishwa kwa Marekani itakaa imeinama kusini mwa ikweta, kwani uga wa sumaku unazama upande mwingine. Aliye Ulaya naye ahakikishe redio yake ina nafasi za 8.33 kHz kati ya chaneli na chaneli.

Kuhusu vibali vya ndege za kujijengea, zungumza na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi husika kabla ya kufunga kontena. Kila nchi ina yake.

Inagharimu kiasi gani?

Skrini mbili, otopailoti na GPS ya IFR hupita dola 30,000 bila kuvuta pumzi. Skrini moja, redio, transponda na intakomu huwa chini ya nusu ya hapo. Wanachosahau wengi ni plagi, koleo, kebo na antena, ambazo kwangu zilikuwa kama redio ya pili.

Saa za kwanza za kuruka, niangalie nini kwenye dashibodi?

Kipindi cha majaribio ni saa 25 ukiwa na injini na rafadha zilizoidhinishwa pamoja, la sivyo saa 40, au kwa utaratibu mpya wa orodha ya kazi. Ruka ya kwanza usiiguse otopailoti. Angalia mwendo, joto la silinda, shinikizo la oili, basi. Yale mapambo mengine yasubiri. Baada ya saa tano fungua kila kitu, vuta kila plagi, tafuta waya uliosuguliwa. Mimi nilipata mmoja, chini ya mota ya otopailoti, ganda limeshaanza kung'aa.

Nitaweza kuongeza kifaa baadaye?

Ukijiandaa sasa. Kabla ya kufunga, nilipitisha waya tatu za ziada kutoka dashibodini hadi nyuma ya viti, zote namba 18, ncha zimefungwa kwa mpira wa kusinyaa na kuandikwa TUPU 1, TUPU 2, TUPU 3. Nikaacha na nafasi mbili kwenye boksi la fyuzi. Nilidhani zitakaa miaka. Majira ya baridi ya kwanza TUPU 1 ikapata kazi, fyuzi ya ampea 7.5 na swichi yake upande wa kulia: hita ya kiti cha mke wangu.